Warohingya na Sauti ya Nchi Isiyo na cha Kupoteza

(Hotuba kwa wanafunzi wa sheria na uhusiano wa kimataifa, Arusha. Imeandikwa kutokana na rekodi, pamoja na maswali mawili ya mwisho.)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wanafunzi, wageni mliotoka mbali: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wenye salamu nyingine, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie namna nchi inavyowatendea wachache wa dini, na jinsi jambo hilo linavyogusa uhusiano wake na nchi nyingine. Mada pana kiasi hicho tungeweza kulala nayo hapa. Nitachukua mkasa mmoja, wa Waislamu Warohingya wa jimbo la Rakhine nchini Myanmar, niufuate kutoka mji mkuu mmoja hadi mwingine. Nimeuchagua kwa kuwa umezigusa serikali nyingi zisizofanana hata kidogo, na kwa kuwa sehemu yake kubwa ilipikwa hapa hapa Arusha. Huko tutafika.

Niseme mapema ninachokiamini, ili mpate kunipinga vizuri. Nchi hazigombani kwa sababu tu kuna watu wachache wanaoteswa mahali fulani. Zinaanza kununiana pale mateso yanapovuka mpaka na kuingia kwenye bajeti ya mwingine. Na hata hapo, jirani aliyebeba mzigo mkubwa mara nyingi ndiye mwenye sauti ndogo, maana bado anamhitaji huyo huyo aliyemtwisha. Anayepaza sauti ni yule asiye na mpaka wala bomba la gesi la kulinda.

Tuanze na kadi. Sheria ya Uraia ya Burma (jina la zamani la Myanmar) ya mwaka 1982, enzi za Jenerali Ne Win, iliutoa uraia kamili kwa jamii zinazohesabiwa kuwa zilikuwepo nchini kabla ya 1823, yaani kabla Waingereza hawajaanza kuiteka. Orodha ya serikali ina jamii 135. Warohingya hawamo. Serikali inawaita Wabengali, ikimaanisha wahamiaji waliovuka Mto Naf, ulio mpakani na Bangladesh. Wakabaki na kadi nyeupe, kadi ya muda, na kwa kadi hiyo walipiga kura mwaka 2010. Februari 2015 Rais Thein Sein akatangaza kwamba kadi hizo zitakwisha nguvu tarehe 31 Machi. Novemba mwaka huo huo ukafanyika uchaguzi uliompa ushindi Aung San Suu Kyi, mwanasiasa aliyepigania demokrasia dhidi ya majenerali, dunia ikashangilia, na Warohingya hawakuwamo kwenye foleni. Mbunge mmoja wao, Shwe Maung, ambaye tayari alikuwa bungeni kwa tiketi ya chama tawala, alienguliwa kwa maelezo kwamba wazazi wake hawakuwa raia alipozaliwa. Baba yake alikuwa afisa wa polisi. Wanasheria, nawaachia hilo mlitafune: serikali imemvisha mtu sare yake, imempa cheo, halafu baadaye inasema hakuwa raia.

Kwa nini nimeanzia kwenye kadi na si kwenye risasi? Kwa sababu mtu aliyenyang'anywa karatasi, kila tatizo lake linageuka kuwa tatizo la nchi nyingine. Hana ubalozi wa kumtetea. Hana pasipoti ya kusafiria. Akikimbia, huwezi kumrudisha, maana kwao wanasema si wao. Mwanadiplomasia akiona sheria ya uraia inaandikwa kwa namna hiyo, asisubiri vijiji viungue ndipo aandike ripoti yake.

Bangladesh iliyajua hayo mapema. Mwaka 1978, katika operesheni ya jeshi iliyoitwa Nagamin, watu wapatao 200,000 walivuka kuingia Bangladesh. Mwaka 1991 na 1992 wakavuka wengine wapatao 250,000. Mara zote mbili yalisainiwa makubaliano, wengi wakarudishwa, na chanzo kikaachwa palepale. Tarehe 25 Agosti 2017 wapiganaji wa ARSA, kundi la Warohingya wenye silaha, walivamia vituo vya polisi Rakhine. Jeshi likajibu kwa kuchoma vijiji, kuua na kubaka, na katika miezi iliyofuata watu zaidi ya 700,000 wakaingia wilaya ya Cox's Bazar. Vilima vya msitu vikageuka mahema. Kutupalong ikawa kambi kubwa kuliko zote duniani.

Sasa tazameni Dhaka, yaani serikali ya Bangladesh, ilivyofanya. Septemba hiyo hiyo ya 2017, watu wakiwa bado wanavuka Naf kwa mitumbwi, waziri wa chakula wa Bangladesh alikwenda Myanmar kununua mchele. Mafuriko yalikuwa yameharibu mavuno, bei ya mchele imepanda, na wananchi wa Bangladesh wanakula mchele. Wakakubaliana tani 100,000. Ukisoma habari hizo mbili kwenye gazeti la siku moja unaweza kukasirika. Mimi sikukasirika. Serikali yenye watu zaidi ya milioni 160 na ghala linalopungua haina anasa ya kumnunia jirani mwenye mchele.

Ndiyo maana Dhaka ilikwenda mbio kwenye meza ya pande mbili. Tarehe 23 Novemba 2017, hata miezi mitatu haijatimia, ikasaini makubaliano ya kuwarudisha wakimbizi. Tarehe 15 Novemba 2018 mabasi yakaletwa. Orodha ya waliokubaliwa na Myanmar ilikuwa na watu zaidi ya 2,200. Katika kambi ya Unchiprang, karibu na Teknaf, mabasi yalisimama tayari, na wakimbizi wakakusanyika wakipiga kelele kwamba hawaendi. Hakupanda hata mmoja. Agosti 2019 orodha mpya, watu 3,450, mabasi mengine. Hakupanda mtu. Walichokuwa wanataka kinajulikana: uraia, usalama, na kurudi kwenye ardhi yao wenyewe, si kwenye kambi nyingine upande wa pili wa mto.

Mliotoka Ngara na Kigoma mnajua kurudisha wakimbizi ni kitu gani. Tanzania imewahi kupita njia zote mbili: Desemba 1996 iliwasukuma Wanyarwanda warudi kwao, na miaka iliyofuata ikawapa uraia Warundi wa mwaka 1972 wapatao 162,000. Bangladesh haikutaka njia ya pili na haikuweza ya kwanza. Ikakwama na watu zaidi ya milioni moja.

Kuna tawi la mkasa huu ambalo watu wengi hawalisikii, na mwenye ndugu Jeddah au Muscat atalielewa upesi. Saudi Arabia ina Warohingya wengi, hasa Makka, walioingia kwa miongo mingi. Wengine waliingia wakiwa na pasipoti za Bangladesh walizozipata kwa njia wanazozijua wenyewe. Mwaka 2020 waziri wa mambo ya nje wa Bangladesh wa wakati huo, A. K. Abdul Momen, alieleza hadharani kwamba Riyadh inataka Dhaka iwape pasipoti Warohingya 54,000 walioko kule. Upande mmoja, kuwapa ni kukiri kwamba ni watu wako, na hapo Myanmar inafurahi. Upande wa pili, Bangladesh ina wafanyakazi wengi sana Saudia wanaotuma fedha nyumbani kila mwezi, na iqama zao, yaani vibali vya ukaazi, ziko mikononi mwa Saudia. Myanmar imefuta kadi za watu wake, na mvutano umezuka kati ya Dhaka na Riyadh, nchi mbili za Kiislamu ambazo zote zinasema zinawahurumia Warohingya. Myanmar yenyewe haimo hata kwenye mazungumzo hayo.

Kusini-mashariki ya Asia nitapita haraka. Jumuiya ya ASEAN imejengwa juu ya kanuni ya kutoingiliana mambo ya ndani, na kwa miaka mingi kanuni hiyo iliheshimiwa. Malaysia ikaivunja. Desemba 2016 waziri mkuu Najib Razak alisimama kwenye mkutano wa hadhara Kuala Lumpur kuilaani Myanmar, na ndani ya siku chache Myanmar ikasitisha kupeleka wafanyakazi wake Malaysia. Februari 2017 meli ya misaada kutoka Malaysia ilipotia nanga karibu na Yangon, ilipokewa na waandamanaji, wakiwemo watawa wa Kibudha. Najib wakati ule alikuwa ameelemewa na kashfa ya fedha za 1MDB, mfuko wa uwekezaji wa serikali, na kura za Wamalay zilikuwa zinamhangaisha. Mtaniuliza, basi alikuwa mkweli au mnafiki? Kwa kazi yetu swali hilo halina faida kubwa. Kiongozi hutetea wachache wa nchi nyingine pale utetezi huo unapomletea kitu nyumbani, na mwanadiplomasia mzuri anajua kitu hicho ni nini kabla ya kuandika hotuba ya waziri.

Wakubwa wenye maslahi walinyamaza. Bomba la gesi linaloanzia Kyaukphyu, ndani ya Rakhine yenyewe, lilianza kupeleka gesi China mwaka 2013, na la mafuta likafuata 2017. Beijing ikailinda Myanmar kwenye Baraza la Usalama. India ina mradi wa bandari ya Sittwe, pia Rakhine. Waziri mkuu wake, Narendra Modi, alikuwa ziarani Myanmar wiki ya kwanza ya Septemba 2017, moshi ukiwa bado unaonekana kutoka ng'ambo ya Naf, na alichozungumzia ni ugaidi. Mataifa ya Magharibi yaliwawekea vikwazo majenerali wachache, Canada ikamnyang'anya Suu Kyi uraia wa heshima mwaka 2018, na Marekani ikatangaza rasmi kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari Machi 2022, miaka minne na nusu baadaye. Visiwa vya Maldives vilitangaza kusitisha biashara na Myanmar mapema kabisa, Septemba 2017. Sidhani kama kuna mfanyabiashara wa Yangon aliyeona tofauti.

Na sasa Gambia.

Nchi ndogo kabisa ya bara la Afrika, imezungukwa na Senegal pande zote isipokuwa baharini. Januari 2017 ndipo Rais Yahya Jammeh alipoondoka madarakani baada ya miaka 22. Serikali mpya ikamwita nyumbani mwanasheria mmoja, Abubacarr Tambadou, kuwa waziri wa sheria. Tambadou alikuwa anatoka wapi? Alikuwa anatoka Arusha. Miaka mingi alifanya kazi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ofisi ya mwendesha mashtaka, chini ya Mgambia mwenzake Hassan Bubacar Jallow. Jengo la mikutano la AICC mnalolipita kila siku mkienda mjini, mle ndani ndimo alimojifunza mauaji ya kimbari yanavyopangwa na yanavyothibitishwa.

Mei 2018 Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, OIC (ile ile ambayo wazee hapa wanaikumbuka kwa sakata la 1993, Zanzibar ilipojiunga nayo kisha ikajitoa), ilikutana Dhaka kwa mkutano wa mawaziri wa mambo ya nje. Waziri wa Gambia hakuweza kwenda, akatumwa Tambadou. Wajumbe wakapelekwa Cox's Bazar kuwasikiliza wakimbizi. Wengi walisikia habari za kusikitisha. Tambadou alisikia kitu alichokizoea, maana kwa miaka alikuwa amesoma maelezo ya mashahidi wa Rwanda yenye mtiririko ule ule: watu wanatengwa kwanza, kisha wanatukanwa majina ya wadudu, kisha wanaume wanatolewa pembeni. Tarehe 11 Novemba 2019 Gambia ikaishtaki Myanmar kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa kuvunja Mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari.

Desemba Suu Kyi akaja mwenyewe kuitetea nchi yake, akisema picha iliyochorwa na Gambia ni pungufu na ya kupotosha. Gambia ilikuwa na haki ya kuchagua jaji wa ziada, ikamchagua Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Pillay naye ni wa hapa: alikaa kwenye jopo lililomhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, tarehe 2 Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Na tarehe 23 Januari 2020 amri ya muda ilipotolewa, aliyeisoma ni rais wa mahakama, Abdulqawi Ahmed Yusuf, Msomali. Majaji wote 17 walikubaliana, pamoja na yule wa China: Myanmar izuie vitendo vya mauaji ya kimbari, idhibiti jeshi lake, itunze ushahidi, na ilete ripoti.

Myanmar ilipinga kwamba Gambia haikudhurika, kwa hiyo haina haki ya kushtaki, na kwamba imetumwa tu na OIC. Julai 2022 mahakama ikayatupa mapingamizi hayo. Juu ya haki ya kushtaki ni majaji 15 kwa mmoja. Hapo wanafunzi wa sheria wekeni alama. Mahakama imesema nchi yoyote iliyomo kwenye mkataba ule ina haki ya kudai utekelezwe, hata kama hakuna raia wake aliyeguswa. Januari 2026 ikaanza kusikiliza kiini cha kesi yenyewe.

Gambia ilithubutu kwa sababu ilikuwa na mtu mwenye ujuzi, ilikuwa na OIC nyuma yake, na haikuwa na chochote Myanmar cha kupoteza. Hilo la tatu watu hulisahau wakipiga makofi. Afrika Kusini ilipoifuata njia hiyo hiyo dhidi ya Israel Desemba 2023, yenyewe ilikuwa na cha kupoteza, na Februari 2025 amri ya rais wa Marekani ya kuikatia misaada iliitaja kesi hiyo.

Na msiifanye OIC malaika. Machi 2019, Abu Dhabi, mkutano wa mawaziri wa OIC uliunga mkono Gambia iende mahakamani kwa ajili ya Warohingya. Mkutano huo huo ukapitisha azimio la kuipongeza China kwa inavyowatunza raia wake Waislamu. Wakati huo Wauyghur wa Xinjiang walikuwa wamefungiwa makambini kwa mamia ya maelfu. Julai mwaka huo, barua ya nchi 22, nyingi za Ulaya, iliyoikosoa China ilijibiwa na barua ya nchi 37 zinazoisifu, Saudi Arabia na Pakistan zikiwemo. Dini ni ile ile, na ukumbi ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni mkopo, soko na bandari. Kwa hiyo mtu akikuambia nchi za Kiislamu zinatetea Waislamu, au nchi za Kikristo zinatetea Wakristo, mwambie akaisome hiyo karatasi ya Abu Dhabi.

Nimemaliza ya kwangu. Yalikuja maswali mengi, naandika mawili.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu aliniuliza: Mzee, kesi hii imemsaidia nini Mrohingya aliyeko kambini?

Mwanangu, mpaka sasa kidogo sana, na nisingependa nikudanganye. Februari 2021 jeshi lilimpindua Suu Kyi, na Februari 2022 jeshi hilo hilo ndilo lililokwenda The Hague kukaa kwenye kiti chake. Mwaka 2024 likaanza kuwaandikisha jeshini kwa nguvu vijana wa Kirohingya, watu ambao linasema si raia, ili wapigane na Jeshi la Arakan, kundi la Warakhine Wabudha. Kundi hilo likateka Buthidaung Mei 2024 na Maungdaw Desemba, na Warohingya wakaumizwa na pande zote mbili. Wengine 150,000 hivi wakavuka tena kwenda Bangladesh. Mgawo wa chakula kambini mwaka 2023 ulishushwa kutoka dola 12 kwa mtu kwa mwezi hadi 8, kabla ya kupandishwa tena. Sasa upande wa pili wa Naf hakuna serikali ya Myanmar. Kuna wapiganaji. Dhaka, iliyozoea kusaini na Naypyidaw, mji mkuu wa Myanmar, inalazimika kuzungumza na kundi ambalo hakuna nchi inayolitambua, na hakuna kitabu cha itifaki kinachoeleza mazungumzo hayo yanaanzaje. Faida ya kesi ni ushahidi uliotunzwa na uliosikilizwa. Arusha hapa tunajua ushahidi unaweza kukaa miaka na bado ukafanya kazi.

Kaka mwingine, nadhani wa uhusiano wa kimataifa, akauliza: Gambia ikishinda, hukumu itatekelezwa na nani?

Ibara ya 94 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakupeleka Baraza la Usalama, na huko utaikuta China na kura yake ya turufu. Njia hiyo imefungwa, tusizungukezunguke. Lakini anayeuza silaha Myanmar, anayenunua gesi yake, anayegombea kuwapa majenerali kiti kwenye mkutano wa ASEAN, kila mmoja wao atatakiwa kueleza nyumbani kwake kwa nini anafanya hivyo na nchi iliyohukumiwa. Japan itaulizwa na wabunge wake. Thailand itaulizwa na mabenki. India itaulizwa na Bangladesh, ambayo safari hii itakuwa na hukumu mkononi badala ya malalamiko. Baadhi yao watajibu na kuendelea kama kawaida. Wengine wataona bei imepanda, na watapunguza kidogo kidogo bila kutangaza. Ukiajiriwa wizarani, kazi yako itakuwa kuzisoma takwimu za forodha za nchi hizo mwaka mmoja na miaka miwili baada ya hukumu, maana jibu la swali lako litaonekana huko kabla halijaonekana kwenye taarifa yoyote ya ubalozi.